Funga A, Mvua Itaingia

Jumatatu, 8 Septemba

Pilipili mbuzi ndoo nzima tangu asubuhi. Nimepiga chafya mpaka jirani wa ukuta wa pili kaniombea dua. Glavu imetoboka kidole gumba, nikajisahau nikapikicha jicho. Lahaula! Nimekaa na jicho kwenye bakuli la maziwa kama mwehu.

Lakini leo siku njema. Stika zimetoka. Neema wa steshenari ya Buguruni kaniletea mwenyewe mpaka mlangoni, Mungu ampe mume mwenye adabu. Mwandiko niliuchagua mie kwenye kompyuta yake, nikakataa kama ishirini hivi mpaka akaguna. Una jina la Kizungu, sikulishika. Herufi zinarukaruka, moja juu moja chini, na K imetupa mguu kama inacheza singeli. Unaonekana kama mtu kaandika kwa mkono huku anacheka. Ndiyo nilichotaka. Kitu cha mkono kisiandikwe kama barua ya serikali ya mtaa.

Pilipili ya Kaka. Chini yake: Imetengenezwa kwa mikono, Kiwalani.

Kaka hajui. Yuko Newala, kwenye mikorosho ya marehemu baba. Nataka akirudi akute jina lake kwenye chupa. Mama alipofariki mie nilikuwa darasa la pili. Hemedi, kaka yangu, ndiye aliyenilea, kwa brashi na kopo la rangi, akiandika vibao vya maduka na saluni. Siku tukikosa mboga alikuwa anakaanga pilipili hii hii, tunalia ugali, na kulia kwenyewe. Sijawahi kumwambia asante ikatosha. Basi safari hii nimeiprinti.

Jumatano, 10 Septemba

Kubandika stika siku nzima. Mama Rozi wa chumba cha mbele kaja kunisaidia bila kuitwa. Mwalimu huyo, mtu wa Bukoba, anabandika kwa rula. Mie kwa macho. Zake zimenyooka, zangu zinaelekea Segerea.

Nimepeleka boksi moja dukani kwa Mangi pale kona. Kaziweka mbele, karibu na mayai. Nimesimama ng'ambo ya barabara kuzitazama. Aliyenunua wa kwanza sijui nani, ila nimempenda.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepita kwa Mangi kununua chumvi. Kaniambia, "Dada, ile ya kuku imekwisha, lete nyingine."

Nikamjibu mie sifugi, sina chakula cha kuku. Akanitazama. Nikamtazama. Tukaachana hivyo hivyo.

Ijumaa, 12 Septemba

Aibu ya mwaka.

Mama Swaumu wa nyumba ya bati jekundu kaja na chupa mkononi na kijiko ndani yake. Kachimba mpaka chini. Anasema hamna hata mnofu. Mnofu wa nini, nikamuuliza. "Wa kuku! Si umeandika pilipili ya kuku?"

Nikamnyang'anya chupa nimwonyeshe alivyo mjinga. Nikasoma. Nikasoma tena.

Pilipili ya Kuku.

Ule mwandiko wa kuchekacheka, a yake haina kichwa. Iko wazi juu kama kikombe. Ni u na mkia. Mie nilijua nilichoandika, macho yangu yakasoma nilichokijua. Watu wengine wamesoma kilichopo. Kaka kageuka kuku, na ukishaona huwezi kuacha kuona. Hata chini pale, sie sote tunaishi Kiwuluni.

Nimemrudishia Mama Swaumu hela yake. Kaondoka na chupa vilevile, anasema pilipili yenyewe si mbaya.

Nikamkimbilia Mama Rozi. Mwalimu mzima, kabandika boksi zima, hakuona? Kaona vizuri sana. Alidhani ndiyo jina. "Nikasema labda ni ya kulia kuku." Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, maana alikuwa ananichambulia mchicha wangu huku anasema hayo.

Nina hasira na mie mwenyewe. Nimetaka kumpa mtu heshima, nimempa manyoya.

Jumamosi, 13 Septemba

Buguruni asubuhi. Neema kacheka mpaka kakaa chini, kisha kaona uso wangu kaacha. Naye alisoma kuku tangu siku ya kwanza. Mwandiko ndivyo ulivyo, hawezi kuifunga ile a. Kanionyesha mingine. Mmoja umenyooka, safi, unasomeka toka barabarani. Tukaandika Pilipili ya Kaka. Ikaonekana kama tangazo la msiba.

Mie nimeupenda ule wa kwanza. Njiani nikajiuliza kwa nini hasa, nikakumbuka.

Kaka alinifundisha kuandika nyuma ya vibao vyake, kwa chaki, kabla hajavipaka rangi. Herufi zangu zilikuwaga hivyo hivyo, zinaruka. Na a zangu zote wazi juu. Alikuwa anapita nyuma yangu na brashi sikioni. "Funga a, Somoe, mvua itaingia." Kila siku. Mpaka nikazifunga.

Sasa atarudi akute mdogo wake kaanika a wazi Kiwalani nzima, tena juu ya jina lake. Yeye mwandishi wa vibao! Na kazi yenyewe imemwishia mkononi, maana siku hizi kila duka linaprinti bango. Hajawahi kulalamika. Ndiyo maana inauma. Nimeacha mkono wake uliokaa bure nimekwenda kulipia mkono wa kompyuta, na sikuliwaza hilo hata kidogo mpaka leo.

Jumatatu, 15 Septemba

Kumetokea jambo.

Mtu mnene, kanzu safi, kaulizia nyumba ya mwenye pilipili ya kuku. Bwana Shomari, ana majiko ya kuku wa kuchoma Buguruni. Mpwa wake alinunua kwa Mangi. Wateja wameionja, sasa wanaikataa ile ya zamani. Anataka kila wiki, kwa maboksi. Anataka chupa zikae mezani, jina liangalie mteja.

Nikasema stika nabadilisha, kuna kosa. Kashtuka kama nimemtukana. Kosa gani? Mtu anakaa, kuku mbele yake, anaona Pilipili ya Kuku, anamimina. Mwandiko wenyewe unamchekesha. "Usiguse kitu, dada yangu. Ukibadili jina mie simo."

Alhamdulillah, nimeshukuru kwa dhati. Toka nianze kukaanga sijawahi kuombwa maboksi. Nimeshukuru, halafu nikaingia ndani nikakaa kitandani nimeshika tama. Riziki imekuja, imekalia jina la Kaka.

Sijampa jibu. Nimemwambia Jumamosi.

Jumanne, 16 Septemba

Kaka kapiga simu. Anarudi Ijumaa. Sauti ya furaha, mikorosho imetoa maua vizuri. Halafu: "Nasikia una pilipili yenye stika. Umeiitaje?"

Nikasema utaona mwenyewe. Nikasema mtandao mbaya. Nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri tu.

Jumatano, 17 Septemba

Nimejaribu kuzifunga zile a kwa kalamu. Stika inateleza, wino unakimbia, chupa ina mafuta. Nimeharibu sita. Moja imekuwa Koko. Nimecheka kwa uchungu nikazitia maji.

Mama Rozi kanishauri kwa mapenzi. Nimwambie Kaka tu ni pilipili ya kuku, kwisha. Nani atajua kwamba palikuwa na kaka hapo? Watu wote wa mtaa ni mashahidi wangu.

Ni kweli. Ni rahisi. Nalala nikiliwaza.

Alhamisi, 18 Septemba

Sitaki. Nikisema ni kuku, biashara inapona na Kaka haumii. Lakini ile asante nitakuwa nimeifuta mie mwenyewe, kwa mdomo. Afadhali aisome vibaya kuliko isiwepo.

Namwambia. Akiona vibaya, Bwana Shomari atafute pilipili kwingine. Nimekwisha sema.

Mama Rozi kaniletea senene, panzi wa kukaanga wa kwao, wa kunipa moyo. Mie senene siwawezi. Nimekula wawili kwa heshima yake.

Ijumaa, 19 Septemba

Kaka kafika. Bajaji imemshusha na mfuko wa korosho na kuku wawili hai, miguu imefungwa kamba. Kuku! Nimecheka peke yangu, cheko la woga.

Shikamoo, marahaba, maji ya kunywa. Kakonda kidogo. Sikungoja, ningengoja ningekimbia. Nikamwekea chupa mkononi.

Akainyoosha mbali, maana macho ya karibu yamemwishia. Akasoma kwa sauti. "Pilipili ya Kuku."

Nikasema si kuku. Nimeandika Kaka. Ni wewe.

Kapitisha kidole juu ya herufi moja moja, kama anavyogusa rangi kujua imekauka. Kafika kwenye a. Kasimama hapo.

"Mvua imeingia," kasema.

Nikalia. Mie na miaka yangu hii, mbele ya kuku wawili. Nikamweleza yote, na Bwana Shomari, na kwamba neno lake tu linatosha, naikataa ile kazi leo leo. Na kwamba brashi yake niliisahau. Hilo ndilo lililonitoka kwa shida.

Kaangalia saa, kachukua kofia, kaenda kuswali Ijumaa. Hiyo saa nzima sikuipenda. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Karudi. Kavua viatu, kakaa mkekani, kaitaka tena chupa. Sasa anacheka chini chini.

Kasema kompyuta imejifunza kuandika kama mie wa darasa la pili. Kauona tu mwandiko kaujua, kabla ya kusoma neno. Kwenda na kurudi msikitini alikuwa ananiona na chaki yangu. Kasema, "Mkono wangu mie ungenyoosha. Huu ndio wako. Ungekuja kwangu ningekuharibia."

Halafu kaniambia hili, naliandika kama alivyolisema nisije nikalisahau:

"Tena wamesoma sawasawa. Anayeatamia ni kuku. Nani alikuatamia wewe? Basi. Na kuku havunji yaile, Somoe. Mpe mtu wako maboksi yake."

Nimekwenda jikoni nikamkaangia pilipili, kwa mkono wake alionifundisha, na sikupikicha jicho lakini maji yalitoka.

Jumamosi, 20 Septemba

Bwana Shomari kapata jibu. Kafurahi kanipa soda mbili na paja la kuku. Kaka kaenda kuyaona majiko. Karudi anasema kibao chao cha mbele kimepauka, haki ya Mungu kinatia huruma, na kawaambia. Wamemwambia alete brashi Jumatatu.

Neema anaprinti stika nyingine. Zile zile. Nimemwambia asiguse kitu.

Mama Swaumu kanunua chupa ya pili. Kaifungua mbele yangu, kachungulia ndani, tukacheka wote.

Jumapili, 21 Septemba

Leo sijafanya kazi. Kumepoa, mawingu toka asubuhi.

Kaka katoa kopo lake la rangi ya mafuta, nyeusi, na ile brashi nyembamba ya mwisho. Kaitisha chupa moja. Kaifuta mafuta kwa kitambaa, kaifuta tena, kashika pumzi. Kafunga a tatu za jina, polepole, moja moja. Wino wangu ulikimbia, rangi yake haikukimbia. K imebaki na mguu wake hewani. Hakuigusa.

Zingine zote zimekwenda Buguruni, kuku. Hii haiuzwi. Tumeiweka mezani, kando ya chumvi.

Mchana tumekula ugali na dagaa barazani. Kaimimina mwenyewe, nyingi kama zamani. Tulipokuwa tunanawa mvua ikaanza kupiga bati. Kaka kaitazama chupa, kanitazama mie. Tukavuta meza ndani kidogo tukaendelea kukaa.