Shanga za Nyanya Kwenye Ndoo ya Takataka

S.L.P. 214,
Isiolo.
9 Juni 2025.

Ndugu yangu mpendwa Lokol,

Habari za huko kambini? Natumaini vumbi la hiyo barabara mnayojenga halijakurudishia kile kikohozi. Babu Ekiru yuko mzima na anakusalimu. Simu yako haishikiki siku hizi, ndiyo maana nimempa Jirma, dereva wa lori, akuletee barua hii mkononi.

Nyanya Akidor amelazwa, ana homa ya mapafu. Alikuwa ameanza kupata nafuu, hadi wanafunzi wenzangu wa uuguzi walipomfikia. Lokol, naona kinyaa hata kuvaa hii yunifomu.

Zachary wa darasa letu alitaka kumsikiliza kifua, shanga zikamzuia. Akachukua makasi akazikata zote bila kumuuliza. Mimi nilikuwa wodi ya watoto. Nilipofika nilizikuta kwenye ndoo ya takataka, zimechanganyika na pamba za usaha.

Na muhula mzima tumefundishwa kuheshimu mila za wazee! Huyo Zachary ndiye aliyeongoza mtihani. Mwalimu naye ananiambia shanga zinafuga uchafu, ati atamnunulia zingine sokoni. Anafundisha wauguzi hapa Isiolo na hajui kwamba mama wa Kiturkana huvua shanga akifiwa. Hajawahi hata kuuliza.

Nyanya alianza kumlilia babu, akidhani amekufa. Tukamleta babu mpaka kitandani, akamshika mkono, wakaongea. Nikadhani yameisha. Kumbe sivyo. Nyanya akanigeukia akasema, "Basi ni Lokol. Mnanificha." Nikakupigia mbele yake, simu ikawa imezimwa. Akaona ni kweli.

Sasa hataki uji wala dawa. Anasema hawezi kula na mjukuu wake hajaliliwa. Zachary alikuja kuomba msamaha bila hata kujua jina la nyanya. Nilimfukuza, na sijutii. Daktari anasema akiendelea hivi hatutakuwa naye kwa muda mrefu.

Nisalimie binamu yetu Lodio na wote mnaokaa nao. Mungu akulinde, awalainishie mioyo wakubwa wako wakupe ruhusa.

Usinijibu kwa barua, Lokol. Njoo mwenyewe, usimame karibu na kitanda, akushike uso.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda sana,
Sharon Nangiro