Kitambaa Ulichokuwa Ukikanyaga

Kwako Ngoie, uliyenifanya niitwe mama,

Leo nimetundika picha mbili kwenye kamba ya bafuni zikauke. Nitakuambia zimetokaje, lakini si sasa hivi. Unanijua, habari zangu huanzia mbali, na wewe ulikuwa na subira ya kunisikiliza kuliko baba yako.

Nianze na mambo usiyoweza kuyakumbuka. Ulipokuwa mchanga nilikubeba mgongoni tukizunguka mtaa wa Dilala na ile kamera ya filamu aliyoniachia babu yako, ambayo kila kitu chake unakigeuza kwa mkono. Watu walinicheka. "Kila mutu iko na telefone, weye ungali na kile kichuma?" Niliwajibu kwamba telefone zao zimejaa picha ambazo hakuna anayezitazama. Walicheka, lakini ikifika komunyo ya kwanza au ndoa waliniita, maana wazee walitaka picha ya karatasi, ya kutundika ukutani.

Zile nyumba za zamani za kampuni ya mgodi zina madirisha madogo, na mwanga hafifu unataka mkono uliotulia. Mkono wa kushoto chini ya lensi, kiganja wazi, kama unapokea tonge la bukari. Viwiko unavibana mbavuni. Unatoa pumzi, na kabla hujavuta nyingine unabonyeza. Hivyo ndivyo babu yako alivyonifundisha, ila yeye hakuwahi kuwa na mtoto mgongoni. Mimi nilitoa pumzi yangu kisha nikaisubiri yako. Kifua chako kiliposhuka juu ya mgongo wangu, hapo nilibonyeza. Sijui mpiga picha mwingine anayefanya kazi hivyo, lakini picha zangu hazijawahi kutoka safi kama wakati ule.

Ulipoanza kutembea ukakataa kubebwa. Kikwembe nilichokubebea kikakosa kazi, nikakichana ukanda mrefu. Ncha moja naifunga kwenye skrubu chini ya kamera, nyingine naikanyaga, kisha naivuta kamera juu mpaka kitambaa kikaze. Hapo kamera haichezi tena. Siku moja ulinitazama weee, halafu ukanisukuma mguu.

"Mama, mie njo nitakanyaka."

Basi kazi ikawa yako. Ulisimama peku, miguu miwili, mikono nyuma, uso umeukunja kama mlinzi wa getini. Mchana walipolipua machimbo kule mgodi wa Mashamba na vioo vikaanza kutetemeka, uliwanyooshea wateja kidole: "Mungoje kwanza ipite." Watu wazima na suti zao walingoja. Nilijivunia mpaka nikaona haya.

Siku moja mvua ilikuwa imenyesha. Ulitoka kucheza, ukapanda kwenye kitambaa na tope jekundu lote miguuni. Nilikugombeza. Nyayo zako mbili zikabaki pale, nami nilikuwa nimechoka, nikasema nitafua kesho. Ukaniambia, "Ne mie unipige foto."

"Na nani atakanyaga?"

"Weye mwenyewe."

Nilicheka. Nawe ukacheka, ukaruka juu, nikabonyeza katikati ya kicheko hicho.

Wiki ileile homa ya malaria, palu, ikakushika. Homa zako zote za nyuma zilishuka. Hii haikushuka.

Baada ya kukuzika sikuigusa kamera. Filamu ilikuwa imebakiza nafasi ya picha moja. Baba yako aliniomba niitoe, aone picha yako ya mwisho. Nikamwambia filamu haijaisha. Alijua hiyo si sababu. Alivaa kofia yake ya kazi akaondoka, na mimi nikabaki nimekaa. Niliogopa kuinua kamera, Ngoie. Niliogopa mkono utatetemeka, na niliogopa zaidi kwamba hautatetemeka.

Siku ya kuondoa matanga alikuja kambo yako, yule mama wa baba yako tuliyekupa jina lake, aliyekuwa akikuita "majina" na kukusalimu kama mtu mzima mwenzake. Unajua desturi yetu: nguo za aliyekwenda hufuliwa na kugawiwa. Nilitoa gauni lako la kanisani, viatu, kikombe chako. Kitambaa nikakishika.

"Ne ile tufule," akasema.

"Hii hapana, mama."

"Iko na buchafu, angalia."

Nikamkunjulia akaziona nyayo. Aliweka kiganja chake juu ya nyayo, hewani, bila kugusa. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini yule mwanamke alikuwa amezika jina lake mwenyewe.

"Majina yangu," akasema, akaurudisha mkono. "Leo familia itapiga foto. Utapiga weye, na hii kitambala. Kisha njo tutafula."

Nikamwambia tuite kijana mmoja apige kwa telefone.

"Kijana wa telefone anajua nini juu ya mutoto yetu?"

Basi wakajipanga uani na vikwembe vyao vipya, nafasi moja ikiwa imebaki kwenye filamu. Nikavua kiatu. Hakuna namna ya kukaza kitambaa kile bila kukanyaga pale ulipokanyaga, nami nikapakanyaga. Tope lilikuwa limekauka, nikalisikia likivunjika chini ya unyayo wangu. Kiganja chini ya lensi, viwiko mbavuni. Siku hiyo machimbo yalikuwa kimya, na nilitamani walipue. Nikatoa pumzi. Kisha, kwa mazoea tu, nikaisubiri yako. Baba yako aliona nimekawia, akainamisha kichwa. Nikabonyeza.

Kitambaa tulikifua jioni. Maji yalitoka mekundu, na kambo yako alikaa muda mrefu kando ya beseni kabla ya kuyamwaga.

Sasa nikuambie kuhusu picha. Yako imetikisika. Gauni linaonekana, meno kidogo, uso wote umepita kama mtu anayekimbia mlangoni. Baba yako ameipenda hivyohivyo, anasema ndivyo ulivyokuwa. Ile ya familia imetoka safi ajabu, unaweza kuona hata uzi wa vikwembe.

Kambo yako ameingia bafuni sasa hivi. Ameitazama ile ya familia kwa karibu, akageuka kuniangalia.

"Mukono yako haikutetemeka hata kidogo, mama."

"Njo hivyo, mama," nikamjibu. "Nilitaka itetemeke."

Ulale, mlinzi wangu.

Ni mimi, mgongo wako,
Mama