Enduru Waliyoipiga Wenyewe

Dada yangu mpendwa,

Kabla hujaendelea kusoma, toka hapo penye watu ukakae peke yako. Usimsomee mtu yeyote barua hii, hata huyo mwenyeji wako wa kisiwani Goziba ambaye najua ni mtu mwema. Ukimaliza, itie kwenye moto wa kubanikia samaki na usiondoke mpaka iishe kuungua. Nimeiandika kwa mkono. Sikuthubutu kugusa mashine ya chapa ya mahakama.

Unamkumbuka yule mwizi wa mbuzi? Wewe ulikuwa na miaka kama kumi, mimi nikikufuata huku nimeshika gauni lako. Ulimwona akifungua kamba, ukapiga enduru, ule ukelele wetu wa kuitana, mpaka ndege wakaruka migombani. Kilima kizima kikaja: wanaume na mapanga, kina mama na michi, mzee Byabato na kiatu kimoja tu mguuni. Mwizi akapanda mfenesi na kitoto cha mbuzi kifuani, nacho kikaanza kulia huko juu.

“Shuka, mkwe,” mzee Byabato akamwita, “mahari tumeshaiona!”

Watu walicheka, kisha walimpiga, na walimpiga vibaya. Tata, baba yetu, alilazimika kumlalia juu ili wasimuue, naye akapata kovu lile la bega. Siwezi kuwasifu watu wetu kwa siku ile. Lakini nakumbuka macho ya mwizi akiwa juu ya mti. Alikuwa anakutazama wewe. Kati ya mapanga yote yale, alichokiogopa ni sauti yako.

Vita ilipokuja, tukalala siku nyingi kwenye migomba ya watu, ulinifunika masikio kila mzinga ulipolia. “Kombora halitujui majina,” ukaniambia. Na baada ya vita, bunduki zilipobaki mikononi mwa wahuni, waliompiga risasi mwenye duka wakabeba sukari na vitenge walikimbia, na watu wakawafukuza na mawe, wakijua kabisa kwamba wenzao wana bunduki. Tuliogopa, dada, lakini tulitoka.

Ndiyo maana nilipokuja kumzika Mama Kemilembe, jirani yetu, sikuelewa. Nilikuja mbio kutoka Bukoba nikidhani nitakuta uwanja umejaa, kuni zimerundikwa, ndizi zimeletwa, wanawake wamelala kwenye nyasi za matanga. Nilikukuta wewe na tata mnachimba. Hapakuwa na mwingine. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, cherehani yake ipo, redio ipo, gunia la kahawa lipo. Nilikupokea jembe, nikakuuliza waliiba nini.

“Hawakuchukua kitu,” ulisema.

Kisha ukanisimulia, huku unatoa udongo kwa mikono. Kwamba walikuja jua halijazama, watu wakiwa jikoni, nyuso wazi. Kwamba walimburuta hadi uwanjani, na kabla hawajamgusa na panga, mmoja wao, yule mwenye koti la kijeshi, aliweka mikono mdomoni akapiga enduru. Watu mkatoka mbio kama siku zote. Mkafika, mkazungukwa, mkaambiwa simameni mtazame. Walimkata miguu kwanza. Alikuita kwa jina. Walipomaliza, mwenye koti alifuta panga kwenye majani ya mgomba akasema kila nyumba yenye mgonjwa wa Juliana, ugonjwa huu wa kukonda, au mjane wa aliyekufa nao, ihame, au watarudi. Kosa la Mama Kemilembe lilikuwa kuzika mume. Kama wewe ulivyomzika wako.

“Enduru waliipiga wenyewe,” ulirudia, ukakaa ndani ya kaburi. Tulikutoa mimi na tata.

Watatu wamekamatwa, yule mwenye koti bado, kwa sababu wewe ulikwenda kituoni ukawataja kabla hujapanda mtumbwi. Jalada lao linapita mezani kwangu mahakamani. Nilimwuliza mwendesha mashtaka, mzee mmoja mpole, kama haya ni mauaji tu.

“Kijana, mtu amekufa. Unataka kosa kubwa kuliko hilo?”

“Mzee, aliyeuawa ni mmoja. Waliohama ni nusu ya kilima.”

“Kilima hakishtaki,” alisema, akafunga jalada.

Redioni wana neno ugaidi, wakiwasema watu wa mbali wanaoteka ndege. Katika vitabu vyetu sijaliona. Lakini nimelifikiria sana, na nadhani nimelielewa pale kaburini. Muuaji wa kawaida ana shida na yule anayemuua. Akishamaliza, anatamani dunia nzima isijue. Hawa hawakuwa na shida na Mama Kemilembe. Shida yao ilikuwa ninyi mliosimama mkitazama. Mwili wake waliutumia kusema nanyi. Ndiyo maana hawakufunika nyuso, na ndiyo maana kati ya wote walioona, hakuna aliyeona.

Juma lililopita mwizi, mwizi wa kweli, alivunja mlango wa bibi yule jirani yetu wa bondeni. Bibi akapiga enduru. Tata alichukua panga, akafika mlangoni, akasimama. Tata huyu huyu mwenye kovu. Alisikiliza mpaka sauti ikakatika, akarudi kukaa. Nilipofika alikuwa bado ameshika panga.

“Sikujua ni enduru ya nani,” aliniambia.

Bibi alikutwa amevunjwa taya. Yuko hospitali ya Rubya, hawezi kusema. Basi nikajua walichochukua siku ile. Hawakuchukua cherehani.

Sasa sikia kinachonitisha. Juzi mtu nadhifu alikuja kaunta, akaulizia tarehe ya kesi, nikampa. Akanishukuru. “Dada yako hajambo huko kisiwani? Mwambie samaki wa Goziba ni watamu, asiharakishe.” Tangu hapo silali Kitendaguro kwenye chumba changu. Wanajua ulipo. Kukaa si usalama tena, na kuja kutoa ushahidi si usalama. Mashahidi wengine wote wamesahau. Usipokuja, mwezi ujao watatu hao watatoka wakipunga mikono, na sauti ile itabaki kuwa yao.

Barua ya kwanza niliyoandika ilikuambia ukimbilie mbali zaidi. Niliichana. Naogopa, dada, lakini naogopa zaidi tata akifa ameshika panga lile.

Ukiamua, usiniandikie kwa anwani ya mahakama. Mpe mama wa dagaa anayetuletea salamu zako neno moja tu, “nakuja”. Shuka bandarini Kemondo mchana, siku ya soko, usishuke wa kwanza wala wa mwisho. Mimi na tata tutakuwa kwenye wauza ndizi. Na ukiona koti lile, au uso wowote unaokutia shaka, usikimbie. Piga enduru, kama siku ya mbuzi. Wengine wanaweza wasitoke. Mimi sauti yako naijua, nitakuja.

Mdogo wako, niliyeshika gauni lako.