Mtori kwa Mama Felista

Neema mke wangu, habari za Dodoma?

Huku Kilema mvua haikatiki, ukungu umefunika migomba. Nimemtembelea Mama Felista, ambaye binti yake amekwama kwenye nchi yenye vita alikokwenda kusoma. Alinipakulia mtori wa moto wa ndizi, kisha akauliza, "Baba, nyie wa ubalozini, kwenye mkutano wa mataifa mlipiga kura gani?"

Nikamweleza kwamba nchi yetu haina nguvu kubwa, haikuegemea upande wowote, ili wote watusikilize tukiomba raia wafunguliwe njia.

"Wamewasikiliza?"

"Bado, mama."

Hakunilaumu. Alinifungia kahawa ya shambani kwake. "Mkikutana nao tena, mfikishieni Felista kahawa hii."

Nimeipokea kwa mikono miwili, na sijui nitamfikishiaje. Wakumbatie watoto wetu, Neema.

Mumeo, Deo