Jina Nililolifuta

Jumanne, Bukoto

Lile jina hakuna aliyeliona. Niliandika habari za mtoto aliyezama kwenye mtaro usio na mfuniko kule Nakivubo, nikamtaja mama yake, kisha nikalifuta jina hilo kabla sijazituma mtandaoni. Ukurasa wenyewe hauonyeshi kwamba ni wangu. Hata dada yangu hajui.

Jioni hii nilipokuwa namwekea Baba chai, aliniambia kwa Kiswahili chake cha kambi ya polisi alikofanya kazi, "Akelo, ile jina ya mama ya mtoto, ulifanya vizuri kutoa."

Chai ikamwagika mezani. Baba ana kisimu cha vitufe tu, mtandao hajawahi kuugusa.

"Nani amekuambia, Baba?"

"Wale nilifanya nao kazi bado wananisalimia." Akapuliza kikombe. "Wanasema unaandika vizuri."

Hakunikataza. Afadhali angefoka. Alipangusa meza kwa kiganja, akaenda kulala bila kusikiliza taarifa ya habari, yeye ambaye haikosi hata akiumwa.

Nina hasira. Kesho nitaandika tena, maana mtaro bado uko wazi na watoto bado wanapita pale. Ila kulala chumba kimoja na simu yangu, inayowaonyesha hata nilichofuta, nimeshindwa. Nimeipeleka jikoni niifukie kwenye pipa la unga, mahali ambapo hakuna mtu angepafikiria.

Mkono ukagusa kitu kigumu, kimefungwa vizuri kwenye kavera, kimfuko cha plastiki, unga usikiingie.

Simu ya Baba.