Zawadi Zilizofungiwa Kabatini

Jumatatu, 1 Desemba

Nimekamua. Maziwa yamepungua tena. Chai, mkate wa jana. Shule zimefungwa na wajukuu wangu wako kwao Bungoma. Kufikia mwezi huu Rebeka angekuwa ameshanunua zawadi zao, kila moja na karatasi yenye jina. Mwaka mzima aliwatazama watoto kwanza, ndipo akaingia dukani. Kazi yangu ilikuwa kubeba mfuko.

Tulimzika Januari. Sasa kuchagua pia ni juu yangu.

Mwanangu Wafula ameniandikia kwenye simu: "Baba, usijisumbue na mambo ya zawadi. Watoto wako na simu ya mama yao, hiyo inatosha." Nimeusoma ujumbe huo tena na tena, na kila mara umenikasirisha zaidi. Sikumjibu. Ningemjibu vibaya.

Jumatano, 3 Desemba

Mjini Kitale tangu asubuhi. Miguu inauma.

Dukani Rebeka alikuwa na swali moja tu: mtoto atakifanyia nini kitu hiki siku ya pili? Nililibeba swali hilo kutoka duka hadi duka kama mtu anayeuza kuku. Katika duka la kwanza binti muuzaji aliniuliza, "Ni ya kijana ama ya msichana, mzee?" Nikamjibu kwamba ni ya mtu wa miaka sita. "Si basi uchukue bunduki. Vijana hupenda bunduki." Nikamshukuru, nikatoka. Nilikuwa na hasira hata nikasahau kofia yangu juu ya kaunta. Ilinibidi kurudi na kumwomba radhi.

Bwana mmoja mwenye duka la vitabu karibu na msikiti ndiye wa kwanza kuniuliza watoto wana miaka mingapi na wanapenda nini. Tulikaa naye muda mrefu. Kwa Nekesa, wa miaka kumi na miwili, anayebishana na kila mtu: drafti. Utamfunza kungoja zamu yake, huo mchezo. Kwa Simiyu, wa miaka sita, aliyeifungua redio yangu kutafuta watu waliomo: sumaku mbili kubwa. Na kwa Naliaka, wa miezi minane: pete za mbao zisizo na rangi, za kupanga kwenye kijiti, maana kila akishikacho hukipeleka kinywani.

Naliaka alizaliwa baada ya msiba na akapewa jina la Rebeka la kienyeji. Desturi yetu inaniruhusu kumwita mke wangu, na watu hucheka. Mimi pia hucheka. Si kila mara.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimerudi kutoka Bungoma jioni hii. Baba halali katika nyumba ya mwanawe; leo nimeishukuru desturi hiyo, maana ningelala pale ningetamka neno.

Niandike kwa utaratibu. Everline, mkaza mwanangu, alinipokea kwa heshima zote. Chai, mandazi, kuku. Alinikalisha kwenye kiti kinachotazama kabati la vioo. Juu kuna sahani za harusi yao. Chini vikombe vya wageni. Katikati, zawadi za mwisho za Rebeka, za mwaka jana.

Ramani ya Kenya ya mbao, iliyokatwa kaunti kwa kaunti, aliyomchagulia Simiyu. Kioo cha kukuzia, alichomchagulia Nekesa kwa sababu alimkuta bustanini amechutama saa nzima akitazama siafu. Vyote ndani ya nailoni zake. Mwandiko wa Rebeka bado umebandikwa juu.

Everline aliona nilikokuwa nikitazama. Akafurahi. "Vitu zenu zote ziko, Baba. Hakuna hata moja imeharibika."

Nikasema asante. Mimi, nikasema asante.

Nikatoa zawadi za mwaka huu. Simiyu alishika sumaku, ikanasa kijiko cha sukari, akacheka kwa sauti. Mama yake akamwacha acheke mara hiyo moja, kisha akakusanya kila kitu, hata pete za mtoto mchanga, akafunga kabati, ufunguo akautia kifuani. Simiyu alilia kidogo. Nekesa hakulia wala hakuuliza. Hilo la Nekesa ndilo lililoniumiza zaidi.

Kwenye kioo cha kabati, chini, kimo cha mtoto, palikuwa na alama za vidole. Everline alizifuta kwa kitambaa kabla sijaaga.

Baba mkwe hamkemei mkaza mwanawe. Hata sauti hampandishii. Nimelelewa hivyo na nitazikwa hivyo, lakini leo heshima imenilemea. Naomba radhi kwa mwandiko huu. Kalamu imetoboa karatasi.

Jumapili, 7 Desemba

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Rebeka si sahani ya harusi. Mungu anisamehe kuwa na moyo wa namna hii siku yake.

Jumanne, 9 Desemba

Wafula amepiga simu kuuliza kama nilifika salama. Siku tatu baadaye. Nikamwambia yote. Nilipaza sauti mpaka mbwa akatoka chini ya meza.

Akanisikiliza, kisha akasema, "Baba, kwao Everline huko Cheptais kitu kipya kilikuwa cha wageni. Halafu hizo ni vitu za mwisho za Mama. Zikivunjika tutasema nini?"

Nikamwambia, "Mtasema mtoto amecheza."

Nikakata simu bila kuaga. Sijawahi kumfanyia hivyo. Baadaye nimemwandikia kumwomba radhi kwa sauti yangu. Kwa maneno yangu sikuomba.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimekwenda Misikhu kwa dada yangu Selina, sokoni anakouza dagaa wa omena. Nisiloweza kulisema katika nyumba ya mwanangu, shangazi anaweza, na hakuna wa kumnyamazisha.

Alinicheka kwanza. "Wewe na heshima zako. Utakufa umejaa maneno tumboni kama gunia." Wateja wakacheka naye. Nilikasirika, nikavumilia.

Kisha akaniuliza, "Jina la Rebeka analo nani?"

Nikamjibu kwamba analo mtoto mchanga.

"Basi vitu vya Rebeka ni vya nani?"

Akaendelea kupima omena.

Jumamosi, 13 Desemba

Naandika nikiwa Misikhu, nyumbani kwa Selina. Tumetoka Bungoma.

Hakungoja hata chai. Alimchukua Naliaka mikononi, akasimama naye mbele ya kabati. "Everline, mwenye vitu amefika. Anauliza vitu vyake viko wapi."

Everline alicheka. Akaona Selina hacheki. Akamwita senge, yaani shangazi kwa lugha yetu: "Senge, si huyu ni mtoto tu."

"Huyu ni mama mkwe wako. Unamnyima?"

Everline akanitazama. Nikatazama viatu vyangu. Wafula naye akakumbuka kwamba ana kazi nje. Mtoto alikuwa akipiga kioo kwa kiganja, pa, pa, pa, na mate yakishuka.

Everline akatoa ufunguo. Aliufuta kwanza kwa pindo la nguo yake. Niliona, na hasira yangu ikapungua, nami sikutaka ipungue. Akauliza polepole, "Na zikivunjika, Senge?"

"Zitavunjika," Selina akasema.

Nekesa alichukua kioo cha kukuzia akaenda zake nje. Simiyu alimwaga Kenya yote sakafuni. Akaipanga Turkana kichwa chini, akaikalia Kisumu akiitafuta. Mke wangu aliachiwa pete zake, akazidharau, akachukua Trans Nzoia akaitafuna. Everline alisimama mlangoni na ufunguo mkononi, anatazama kama mtu anayetazama nyumba ikiungua. Mwishowe alichutama akaigeuza Turkana.

Nilimwambia asante. Safari hii nilimaanisha.

Jumapili, 14 Desemba

Kitale. Jirani alinikamulia vizuri. Nyumba imetulia.

Nilipotundika koti nilisikia kitu mfukoni. Kipande cha mbao. Trans Nzoia, kaunti yangu, na alama mbili za meno ukingoni; Naliaka anayo mawili tu. Sijui ni nani aliyekitia humo.

Nikamwandikia Everline ujumbe kwamba kipande kiko salama kwangu, na kwamba naomba radhi kwa usumbufu.

Amejibu: "Simiyu anasema usikitume, Baba. Ati atakuja kukichukua mwenyewe, na Kenya yote ataibeba."

Nimekiacha mezani kando ya kikombe changu. Ng'ombe anaita.