Mchele wa Wangila

Rukiah, hebu sikia ya leo.

Unaukumbuka ule mchezo wa maneno wa marehemu kaka Wangila, kwenye simu? Kila jibu sahihi, wenye mchezo wanasema wametoa mchele kwa wenye njaa. Tangu afariki naucheza mimi, nimkumbuke.

Leo hapa matangani Mama Zuleika, jirani tunayepakana naye ukuta, akachungulia nikicheza. "Huo mchele wanaugawa wapi, mwanangu?"

Nikasema sijui.

Akacheka. "Basi hapa kwetu Kisenyi hawajafika."

Rukiah, alikuwa anawafungia wajukuu ukoko kwenye leso! Kila jioni ameomboleza nasi, kumbe ni njaa.

Kumbe ni njaa, Rukiah. Ukuta mmoja!

Nikamwambia kesho tunaanua matanga. Akaninong'oneza: "Na kwingine kwenye msiba hujasikia?"